Kialo: mti wa hoja ni mzuri, kura zake zitazamwe kwa tahadhari

Katika midahalo mingi ya shule zetu mshindi hupatikana kwa makofi. Mada huwa zilezile, kwamba maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini au kwamba elimu ni bora kuliko pesa, na msemaji mwenye sauti nzito na methali nyingi huondoka na ushindi hata kama sababu alizozitoa hazikugusa mada. Kwa kuwa nasimamia klabu ya mdahalo katika shule ya sekondari, nimekuwa nikitafuta chombo cha kuwafundisha vijana kupima uzito wa hoja yenyewe bila kuuchanganya na ufasaha wa anayeitoa. Katika vyote nilivyojaribu, Kialo ndiyo iliyonisaidia zaidi, ingawa ina kasoro moja kubwa ambayo mwalimu anapaswa kuijua mapema.

Kialo ni tovuti iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2017, na matumizi yake ni ya bure, pamoja na toleo lake la shule liitwalo Kialo Edu. Dai kuu huwekwa juu kabisa. Chini yake, upande mmoja hupangwa sababu za kuunga mkono kwa rangi ya kijani, na upande wa pili sababu za kupinga kwa rangi nyekundu. Kila sababu nayo yaweza kuungwa mkono au kupingwa, hivyo mjadala hukua kwenda chini kama mti wenye matawi. Wazo la kuichora hoja si geni, kwani mwanasheria wa Marekani John Henry Wigmore alikwisha kuchora michoro ya namna hiyo mwaka 1913 ili kuonyesha jinsi ushahidi wa kesi unavyoshikamana. Uzuri wa Kialo ni kwamba kazi hiyo sasa yaweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha pili.

Sharti lenye faida kubwa kuliko yote ni kwamba kila kisanduku kibebe dai moja tu, tena fupi, lisilozidi herufi 500. Tulipojadili kama masomo ya sekondari nchini Tanzania yafundishwe kwa Kiswahili, kijana mmoja aliandika kwa mkupuo kwamba Japani na Ujerumani zimeendelea kwa kufundisha kwa lugha zao, kwamba wanafunzi wetu wataelewa zaidi, na kwamba Kiingereza ni lugha ya mkoloni. Jukwaani maneno hayo yangepigiwa vigelegele. Kwenye Kialo alilazimika kuyagawa katika visanduku vitatu, na mara baada ya kuyagawa tofauti ya nguvu zake ikaonekana wazi.

Sababu ya kwanza ilipata pingamizi upesi: Singapore hufundisha kwa Kiingereza na imeendelea. Mfano huo hauthibitishi kwamba Kiingereza ndicho kilichoiendeleza Singapore, lakini unatosha kuonyesha kwamba kufundisha kwa lugha ya nyumbani si sharti la maendeleo, na kwamba aliyeitaja Japani alikuwa na deni la kueleza ni kwa vipi lugha ilileta maendeleo hayo. Sababu ya tatu ilihusu asili ya lugha, ilhali swali lilikuwa juu ya manufaa yake darasani leo. Mwandishi wake aliipenda mno, na nikamwacha aitetee, lakini tawi lake halikukua. Ya pili ndiyo iliyosimama imara, kwa sababu mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili hukutana na mabadiliko ya lugha anapoingia kidato cha kwanza, na jambo hilo linagusa uelewa moja kwa moja.

Hapo ndipo likazuka jambo ambalo sijaliona likifundishwa vizuri mahali pengine. Msichana mmoja alitaka kuipinga sababu hiyo ya pili kwa kusema kwamba vitabu vya sayansi vya sekondari vilivyoandikwa kwa Kiswahili ni vichache. Kialo ilimdai achague pa kuiweka hoja yake, na alipokuwa akichagua aligundua kwamba uchache wa vitabu haukanushi kwamba mwanafunzi huelewa zaidi kwa lugha anayoimudu. Unaonyesha gharama na ugumu wa kubadilisha, kwa hiyo mahali pake ni chini ya dai kuu. Mabishano mengi ya nyumbani na ya kazini hukwama hapohapo: mtu hutoa jambo la kweli, lakini analielekeza kwenye dai lisilohusika nalo.

Kasoro niliyoitaja iko kwenye kura. Washiriki huulizwa kila sababu ina uzito gani kwa dai lililo juu yake, na hujibu kwa kiwango cha kuanzia 0 hadi 4. Ralph Johnson na Anthony Blair wa Chuo Kikuu cha Windsor, Canada, walipendekeza mwaka 1977 vigezo vitatu vya kuipima hoja: sababu zikubalike, zihusiane na dai, na ziwe za kutosha kulibeba. Kura ya Kialo huyakusanya yote hayo katika namba moja. Anayeutilia shaka ukweli wa sababu na anayeuona uhusiano wake kuwa hafifu wote wawili wataipa 1, na anayeisoma namba hiyo hawezi kujua ni kipi kinachohitaji kurekebishwa. Tena kundi likiwa na msimamo wake tayari, kura hufuata msimamo.

Vilevile Kialo huichukulia kila sababu kana kwamba inajitegemea, ilhali zipo zinazofanya kazi zikiwa pamoja tu. Kusema kwamba mtihani huandikwa kwa Kiingereza hakuthibitishi lolote, na kusema kwamba baadhi ya watahiniwa wanaijua mada bila kuimudu lugha nako hakutoshi. Ni pale mawili hayo yanapounganishwa ndipo tunapopata sababu ya kudai kwamba mtihani haupimi ujuzi wa somo peke yake. Nashauri sababu za namna hiyo ziandikwe katika kisanduku kimoja, hata kama kanuni ya dai moja inavunjwa kidogo.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza, kompyuta moja na projekta vinatosha darasa zima, kwani mti mkubwa hausomeki vizuri kwenye simu. Kura sizitumii kabisa. Kila kundi hupewa tawi moja na karatasi yenye maswali matatu, kama sababu ni ya kweli, kama inahusika na kama inatosha, na hujibu kila swali peke yake kwa maandishi kabla ya kuongeza kisanduku kipya.