Miezi mitatu ndani ya motahomu na watoto watatu: gari lililotushinda na gari lililotufaa

Juzi tumerudisha funguo. Kwa miezi mitatu kasoro siku chache tumeishi barabarani ndani ya motahomu, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo humo humo, mimi, mume wangu na watoto wetu watatu: mkubwa ana miaka 11, wa kati 8, kitindamimba 3. Tumelala katika magari mawili tofauti ya kampuni moja, kwa sababu la kwanza liliharibika wiki ya tano tukapewa jingine. Ndiyo maana naweza kulinganisha. Watu walikuwa wale wale, madaftari yale yale, mfuko wa nguo chafu ule ule, kilichobadilika ni gari tu. Na maisha yetu yalibadilika usiku ule ule tuliohamia.

Gari la kwanza tulilipenda tangu kwenye picha. Jipya, urefu mita 7 na ushei, dirisha kubwa darini, makochi mawili yanayotazamana, jiko zuri. Walituambia linalaza watu watano, na kweli linalaza. Ila kitanda cha kudumu kilikuwa kimoja tu, kule nyuma. Cha pili kilishuka kutoka darini juu ya makochi, na cha tatu ulikitengeneza mwenyewe kwa kushusha meza na kupanga mito juu yake kama unapanga matofali.

Sasa fikiria jioni yetu. Kitindamimba amechoka tangu saa kumi na mbili na nusu. Ili alale, meza ishushwe. Ili meza ishushwe, daftari la hisabati la mkubwa liondoke, vyombo vioshwe, mume wangu ainuke. Mto mmoja ulikuwa na umbo la pembetatu na ulikaa mahali pamoja tu; ukiukosea, unaanza upya. Saa moja na nusu usiku mtoto amelala, taa zimezimwa, na sisi wazazi tumesimama kwenye kijia kilicho kati ya friji na mlango wa choo tukinong'onezana, maana hapakuwa na mahali pengine pa kuwa. Mkubwa hakuwa na usingizi bado, lakini naye ilimbidi alale. Asubuhi kila kitu kinarudishwa nyuma, kwa mpangilio uleule, na mtu mmoja lazima amwamshe mwenzake ndipo chai ipatikane. Kufikia wiki ya tatu tulikuwa tunagombana kila jioni saa ile ile, na kila mmoja akidhani tatizo ni mwenzake.

Lililotutoa katika gari lile ni baridi. Tulilala mahali pa mwinuko, joto likashuka hadi karibu nyuzi sifuri. Alfajiri mkubwa akafungua bomba kupiga mswaki. "Mama, maji hayatoki." Haikuniingia akilini, jioni iliyotangulia tulikuwa tumejaza tangi, lita 100. Mume wangu akatoka na tochi akakuta chini ya gari pamelowa, pembeni pameshaanza kuganda. Kilichotokea ni hiki, na nakieleza kwa kirefu kwa sababu hakuna aliyetueleza sisi. Hita ya maji ya magari mengi haya ina vali inayofunguka yenyewe baridi ikikaribia nyuzi 3, ili maji yaliyomo yamwagike kabla hayajaganda na kuipasua. Kazi yake ni kumwaga zile lita kumi hivi za ndani ya hita, basi. Lakini sisi tulilala swichi ya pampu ikiwa imewashwa. Presha iliposhuka, pampu ikaanza kusukuma, kama inavyofanya mtu akifungua bomba, na ikasukuma tangi zima nje usiku kucha. Tangi lilipokauka iliendelea kuzunguka bila maji mpaka ikaungua. Betri nayo tukaikuta imekwisha.

Kubonyeza swichi moja kabla ya kulala kungetuokoa. Siku ya kukabidhiwa gari, kijana wa kampuni alituzungusha kwa muda usiofika nusu saa, simu ikiwa sikioni, akatuonyesha kwa bashasha jinsi taa za darini zinavyobadilika rangi. Vali hakuitaja, wala swichi ya pampu. Hilo bado linaniuma, maana tulikuwa na mtoto mdogo, mlimani, hatuna maji wala umeme. Nitakachofanya safari nyingine ni kukataa kutia saini mpaka mtu awashe na kuzima kila kitu mbele yangu nami nikimrekodi kwa simu.

Haki yao niwape: walileta gari jingine siku iliyofuata. Mume wangu alipoliona aliguna. Kuukuu, limepauka, lina ile nundu inayotokeza juu ya dereva. Makochi yamechakaa. Lakini nyuma kabisa lilikuwa na vitanda viwili vya ghorofa, vimejengewa ukutani, na kila kimoja kina pazia lake na taa yake ndogo ya kusomea. Juu ya dereva kuna kitanda cha watu wawili, nacho kina pazia.

Usiku wa kwanza, mkubwa alipanda kitanda cha juu, akavuta pazia, akawasha taa yake. Mwanga wa njano ukaonekana kwenye ufa. Hakusema neno kwa saa nzima. Nilikwenda kumchungulia nikidhani ana homa, nikamkuta anachora. Akaniambia, "Mama, hapa ni kwangu." Wa kati akaja kwangu na mume wangu kule juu ya dereva kwa hiari yake, kwa kuwa anaogopa kulala peke yake, na kitindamimba akachukua kitanda cha chini. Alilala saa moja, pazia likafungwa, na sisi tukakaa mezani. Meza haikushushwa. Tulikunywa chai tukiwa tumekaa, kwa mara ya kwanza katika wiki tano.

Familia ikianza kutafuta motahomu huuliza urefu, jiko, mwaka wa gari. Mimi sasa ningeuliza swali moja kabla ya yote: mtoto wa mwisho akishalala, sisi wengine tutakaa wapi? Kama muuzaji au mkodishaji hawezi kukuonyesha kwa kidole, hilo si gari lako, hata kama linang'aa vipi. Na ukienda kulitazama, nenda na familia yote, ingieni wote kwa pamoja, mfunge mlango, mkae humo dakika ishirini kama vile nje kunanyesha. Maana mvua itanyesha. Sisi tulipata siku tatu mfululizo za mvua katika gari la pili, na pazia la mkubwa likifungwa tulikubaliana hakuna wa kumsemesha mpaka alifungue mwenyewe. Kwa watoto watatu ndani ya eneo linalozidi chumba kimoja kidogo kwa kiasi kidogo tu, kanuni hiyo moja iliokoa siku nyingi kuliko michezo yote tuliyobeba.

Jambo jingine la kuangalia: idadi ya vitanda na idadi ya mikanda ni vitu viwili tofauti. Kuna magari ya kulala watu sita yenye mikanda minne. Makochi ya ubavuni mara nyingi hayana mkanda kabisa, na mtoto hapaswi kukaa hapo gari likitembea, sembuse kujilaza kitandani. Gari la pili halikuwa na vile vishikizo vya chuma vya kufungia kiti cha mtoto, tukakifunga kwa mkanda wa kawaida wa pointi tatu kwenye kiti kinachotazama mbele. Hilo lipime kabla ya siku ya safari, ukiwa na kiti chenyewe mkononi.

Maji ndiyo yaliyotufundishia watoto wetu kuliko mimi nilivyoweza kwa miaka. Lita 100 kwa watu watano ni siku mbili, tena mkijibana. Bomba la kuogea linamwaga lita tano au zaidi kwa dakika, kwa hiyo unalowa, unafunga, unajipaka sabuni, unafungua tena kusuuza. Wa kati alijipa kazi ya kusoma kipimo cha tangi kila asubuhi na kututangazia. Siku mkubwa aliposahau bomba la kuoshea mikono likitiririka, aliyemkaripia ni mdogo wake wa miaka 8, na mimi nikanyamaza.

Choo watu huuliza kwa aibu, basi niseme wazi. Ni kisanduku cha lita 18 hivi kinachochomolewa kwa nje kupitia mlango mdogo ubavuni mwa gari. Kwa watu watano kinajaa siku mbili, kwa hiyo hata kama maji yangebaki, choo ndicho kinachokuamulia siku ya kuondoka. Humwagwa mahali palipotengwa tu. Mume wangu aliichukua kazi hiyo tangu siku ya kwanza na hakuilalamikia hata mara moja, na katika miezi mitatu sidhani kama kuna jambo lililonigusa zaidi.

Umeme ulitushangaza. Betri ya kawaida ya ndani ina ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), lakini ile ya asidi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Kwa hiyo ulichonacho kweli ni kama wati-saa 600. Taa, pampu, kuchaji simu, kwa hayo yote inatosha. Birika la umeme la wati 2,000 lisahau kabisa. Kwa volti 12 linavuta zaidi ya ampea 160 kwa mkupuo. Maji tulichemsha kwa gesi. Na gesi yenyewe, kama mnakwenda kwenye baridi iwe propani, si butani (ni aina mbili za gesi ya mitungi), maana butani ikifika karibu na nyuzi sifuri haitoki tena kwenye mtungi.

Friji ilikuwa ya aina isiyo na kompresa, inayopoza kwa joto na mchanganyiko wa amonia na maji. Nzuri, kimya, inatumia gesi mkiwa mmeegesha. Ila haitaki gari lililoinama, majimaji yake hayazunguki vizuri. Tulinunua pimamaji ya fundi uashi, tukaiweka sakafuni kila tulipoegesha, na kitindamimba ndiye aliyekuwa anaangalia kama kiputo kiko katikati huku baba yake akipanda taratibu juu ya kabari. "Bado! Bado! Imefika!" Kazi hiyo aliipenda mno hata akawa analia tukiegesha mahali palipo sawa tayari.

Kuhusu uzito, pimeni gari kwenye mizani likiwa limejaa watu na kila kitu. Magari mengi ya ukubwa huu yana kikomo cha kilo 3,500, ambacho barani Ulaya ndicho kikomo cha kawaida cha leseni ya gari dogo, na likiwa tupu linaweza kuwa limeshafika karibu 3,000. Ukitoa maji, mitungi, watu watano, baiskeli na vitabu, hakibaki kitu. Sisi tulikuta tumezidi kilo 60. Tukaacha turubai la ziada, sanduku la vitu vya kuchezea na sufuria mbili, na tukawa tunasafiri na maji nusu tangi, tukijaza karibu na tunapolala.

Kuendesha si kugumu, kunachosha kwa namna yake. Gari ni refu kwenda juu, karibu mita 3, kwa hiyo tuliandika kimo chake kwenye karatasi tukakibandika mbele ya dereva. Mkia wake ni mrefu nyuma ya magurudumu, ukikata kona unapepea upande wa pili. Tuliulamba ukuta wa kituo cha mafuta mara moja, na adhabu yake tukailipa. Mwanzoni tulikuwa tunakwenda kilomita 400 kwa siku. Kosa kubwa. Tulishusha hadi 150, na kila tulipofika tulilala usiku mbili au tatu. Masomo yalikuwa asubuhi, mezani, kabla gari halijawashwa, kwa sababu kusoma likitembea kuliwatapisha.

Kwa gari la kwanza ningetoa nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya hilo dirisha la darini, ambapo watoto walilala wakihesabu nyota kweli. Gari kuukuu linapata tano kasoro hita yake yenye kelele. Kampuni, tatu: walikuja haraka tulipokwama, lakini tusingekwama kama wangetumia dakika tano zaidi siku ya kwanza.

Tumeshaomba lile lile kuukuu kwa likizo ndefu ijayo. Walitujibu kwamba litakuwa limepakwa rangi upya na kuwekewa makochi mapya, nami nikawaandikia kuuliza kama vitanda vya nyuma na mapazia yake vitabaki. Jibu limefika leo asubuhi: vitabaki. Mkubwa ameshachagua cha juu.