Kinyonga wa Nosy Be: Rangi Niliyoonyeshwa na Rangi Niliyopata

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo sichambui taa wala kizimba, namchambua mnyama mwenyewe, maana swali mnaloniuliza kila wiki ni lilelile: "Nilinunua kinyonga wa buluu, mbona wangu ni wa kijivu?"

Mwangalieni kwanza huyu hapa tawini. Mwili wote feruzi, ubavuni mstari mweupe, na ukimsogelea unaona njano midomoni. Sasa nawawekea picha niliyompiga siku alipofika, akiwa na miezi mitatu. Kijivu na kahawia, kama kipande cha tawi kavu. Ni huyuhuyu. Leo ana miezi kumi na saba.

Huyu ni kinyonga wa aina iitwayo panther, kitaalamu Furcifer pardalis. Asili yao ni Madagaska, ila wangu alizaliwa kizimbani hapa Ujerumani, na nilimlipia euro 280. Kule kwao, dume wa kila eneo ana rangi za kwake. Wa Ambilobe ana michirizi ya buluu au kijani, na mara nyingi nyekundu ndani yake. Wa kisiwa cha Nosy Be huelekea feruzi au kijani cha bahari. Nosy kwa Kimalagasi ni kisiwa, be ni kubwa. Kwa hiyo muuzaji akikutajia jina la mahali, anakuahidi rangi. Mtoto wa miezi mitatu hana cha kukuonyesha, basi unaonyeshwa picha ya baba.

Hapo ndipo nilipoumia mara ya kwanza. Kabla ya huyu nilikuwa na mwingine, naye niliuziwa kama Nosy Be. Muuzaji simtaji. Baba yake kwenye picha alikuwa feruzi kweli. Alipofikisha miezi tisa, mbavuni ikaanza kutoka michirizi myekundu iliyokoza. Nilimpenda vilevile mpaka siku alipokufa, lakini hakuwa nilichoambiwa. Kumbe mama yake alitoka ukoo mwingine. Na mama humjui kwa macho, jamani! Majike wa panther, watoke Nosy Be, Ambilobe au Tamatave, karibu wote ni waridi iliyofifia au hudhurungi. Mtu akichanganya koo, kwa jike huoni kitu. Utaona kwa watoto wa kiume, mwaka mzima baadaye, pesa yako ilishakwenda zamani.

Kwa hiyo safari hii niliuliza habari za mama kabla ya baba. Mama yake ni nani, bibi yake ni nani, walitoka wapi? Halafu nikaomba picha za kaka zake wa uzao uliotangulia, waliokwisha kukua. Mfugaji huyu alinitumia picha za wanne siku ileile. Kwangu hiyo picha ya kaka ina thamani kuliko picha kumi za baba.

Sasa kwa nini mtoto hana rangi? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza jambo lililonifanya nimtazame kinyonga upya. Tulizoea kuambiwa kwamba rangi husambaa na kujikusanya ndani ya seli, basi. Hiyo ipo, hasa kwa weusi wa melanini. Lakini feruzi mnayoiona hapa si rangi iliyopakwa. Ndani ya ngozi kuna seli zenye fuwele ndogo mno za kemikali iitwayo guanini, zimepangwa kama matofali. Kinyonga akitulia, fuwele zinakaribiana na kurudisha mwanga wa buluu. Buluu hiyo ikipita kwenye njano iliyo juu yake, jicho lako linaona kijani. Akipandwa na hasira, fuwele zinaachana, na mwanga unaorudi unasogea kuelekea njano na nyekundu. Na tabaka hilo la fuwele hukamilika kwa dume mzima tu. Kwa watoto na majike ni jembamba. Kwa hiyo mtoto wa kijivu hajakuficha chochote, bado hajajengeka.

Kwa huyu wangu, dalili ya kwanza niliiona alipofikisha miezi mitano, kijani kidogo pembeni mwa macho. Alipofikisha miezi minane mwili ukashika kijani. Feruzi ilitulia baada ya mwaka mmoja, na hata mwezi uliopita, alipojivua ngozi, alitoka amekolea zaidi. Wengine hufika miezi kumi na minane ndipo wakamilike. Muwe na subira nao.

Na hizo picha za matangazo, ndugu zangu, nyingi ni picha za hasira. Dume anaonyeshwa dume mwenzake, anawaka mwili mzima, kamera inapiga. Ni rangi zake kweli, ila ni za vita. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State walipambanisha madume wa kinyonga wa Yemeni, wakaona kwamba anayewaka kichwani haraka na kwa mng'ao mkali ndiye aliyeelekea kushinda. Sasa wewe unataka kuishi na mnyama aliye vitani kila siku? Mwombeni muuzaji picha ya dume akiwa ametulia, kwenye mwanga wa jua. Chini ya taa ya kibuluu hata kijani hugeuka feruzi kwenye simu.

Kuna lile la kumweka juu ya kitambaa chekundu ili awe mwekundu. Utotoni kule Lushoto tulimweka juu ya kanga ya mama. Hakuwa mwekundu. Alikuwa mweusi mweusi mwenye madoa, na leo najua ilikuwa hofu. Msimfanyie hivyo. Na mlioko nyumbani, wale wa Usambara waacheni mitini. Kuna jenasi nzima ya vinyonga wa milima yetu ambayo mwaka 2006 wanasayansi waliipa jina la Kinyongia, kutoka neno letu hili hili. Ni wanyamapori, na misitu yao ni midogo.

Taa na chakula nisiwadanganye: havimpi rangi asiyozaliwa nayo. Vinachofanya ni kutomnyima aliyonayo. Huyu ana taa ya tubu ndefu ya UVB, yaani mionzi kama ya jua, pa kuota joto panafika nyuzi 29 hadi 30, usiku nateremsha joto, na nyenje wake wanakula majani na karoti kabla ya yeye kuwala. Asubuhi akiwa mweusi upande ulioelekea taa, anajipasha joto. Usiku anapauka, ni usingizi. Lakini akishinda mweusi mchana kutwa, macho yamezama ndani, hapo msisubiri rangi, mpelekeni kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia.

Nampa alama tisa kwa kumi, na mfugaji wake nampa kumi kwa zile picha za kaka. Ile moja niliyomkata ni ya mkia: ncha haikushika feruzi, imebaki kijani. Saa mbili usiku sasa, taa imejizima. Sogeeni muone, ameanza kupauka.