Baskeli ya kukodi Wete: njia tamu, breki hakuna

Kwa shilingi 15,000 kutwa, duka moja la Wete (jina silitaji, mwenyewe mtu mwema) lilinipa baskeli ya gia yenye siti ngumu kama kinu na breki ya nyuma inayolia tu, haishiki. Nikamwambia kijana, "Mwanangu, hii itaniua mteremkoni." Akacheka. "Bi mkubwa, Pemba ukiteremka mbele kuna mlima. Utasimama mwenyewe."

Na kweli, hakukosea sana. Mie mtu wa Unguja, miguu yangu imezoea Jozani, kote bapa. Pemba kila bonde lina mpunga, kila kilima kina mikarafuu, nawe katikati unahema. Niliiacha lami nikashika njia za udongo mwekundu, mashambani kwa mashambani, kuelekea Konde. Gari nilizokutana nazo hazikufika tatu. Ulikuwa msimu, majamvi ya karafuu yameanikwa mpaka ukingoni mwa njia, basi pengine nilishuka nikasukuma nisije nikazikanyaga riziki za watu. Bibi mmoja aliyekuwa barazani akichambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, aliniuliza kwani nimefukuzwa na nani.

Msitu wa Ngezi unalipia langoni kisha unaingia, na jua linakatika hapo hapo kama umefunga dirisha. Mivule mikubwa, na mipapindi, miti ya jamii ya minazi ambayo kwao ni Pemba tu. Njia ni ya udongo laini, majani makavu yanalia chini ya tairi, husikii kingine ila ndege. Popo wa Pemba sikuwaona. Anayewataka hao aende Kidike. Cheni ilichomoka humo humo msituni. Niliirudisha kwa kijiti, na kanga yangu mpya ikapata girisi ambayo mpaka leo haijatoka.

Karibu na Vumawimbi mchanga unameza gurudumu, usijitie ubabe, shuka. Nilivua viatu nikakaa ufukweni saa nzima peke yangu, na wavuvi wawili kwa mbali.

Njia naipa tano kwa tano. Duka linapata mbili, na hizo ni kwa sababu ya adabu za kijana. Jioni nilipomrudishia nilimwonyesha breki. Akachukua spana, akakaza mara mbili, ikashika. Dakika moja haikufika. Asubuhi ile spana ilikuwa wapi?