Mlango wa sukari: kimelea cha malaria na cha malale

Ndani ya chembe nyekundu ya damu, Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, hutegemea protini moja, PfHT1, kuingiza glukosi, aina ya sukari. Hata fruktosi, sukari nyingine, hupitia humo. PfHT1 ikizibwa, kimelea hufa. Trypanosoma brucei, kimelea cha malale, ni mjanja zaidi. Katika damu ya mtu, yenye sukari tele, hutumia protini THT1, inayopitisha glukosi kwa wingi ingawa haiinasi kwa nguvu. Kikiwa tumboni mwa mbung'o, ambako sukari huadimika, hugeukia THT2, inayoinasa hata ikiwa kidogo. Isitoshe, huko kinaweza kujikimu kwa prolini, ambayo ni asidi amino. Kwa mtafuta dawa, naona PfHT1 ndiyo shabaha bora, mradi dawa isizibe GLUT1, protini yetu inayopeleka glukosi ubongoni.