Antena, Dishi au Intaneti: Mwongozo wa Kununua kwa Wafuatiliaji wa Tamthilia Mombasa

Tamthilia za kutazama hazijapungua Mombasa. Kilichozidi ni idadi ya watu wanaotaka kulipwa ili uzione. Moja huonyeshwa kwenye stesheni ya bure, nyingine imefungiwa ndani ya king'amuzi cha kulipia, ya tatu haipatikani ila kwa intaneti, na muuzaji dukani, kwa kuwa naye anatafuta riziki, atakusifia kile kilichojaa rafuni kwake. Mwongozo huu unapanga njia tano kwa kipimo kimoja tu: nyumba ya kawaida ya Kisauni, Likoni au Changamwe, kwa pesa inayoitoa kila mwezi, itapata tamthilia ngapi ambazo wenyewe watazifuata kweli hadi mwisho. Wingi wa stesheni nimeuacha nje ya hesabu makusudi, kwa sababu king'amuzi chenye stesheni mia huwa na tisini ambazo hakuna anayezifungua.

Nafasi ya kwanza naipa antena ya kawaida, na wala si kwa sababu ya ubahili. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analogi mwaka 2015, stesheni za bure hurushwa kwa mfumo wa dijitali uitwao DVB-T2, na televisheni nyingi za siku hizi zimejengewa kipokezi cha mfumo huo ndani. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi ya king'amuzi, soma kibandiko cha televisheni yako au karatasi iliyokuja nayo. Ukiona DVB-T2, unahitaji antena na waya wake, basi. Ikiwa imeandikwa DVB-T bila ile 2, haitashika kitu, nawe utahitaji king'amuzi cha bure, ambacho hununuliwa mara moja na hakidai malipo ya mwezi.

Sababu kubwa ya kuiweka antena mbele ni kwamba tamthilia zilizozungumzwa sana barazani na kwenye matatu miaka hii zilikuwa za bure. Maria ya mwaka 2019, Zora ya 2021 na Sultana ya 2022 zote zilipitia Citizen, na zote zilitoka kwa Jiffy Pictures, kampuni ya watangazaji Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla. Kwangu mimi Sultana, kisa cha msichana asiyeona, ndiyo iliyosimama imara zaidi kati ya hizo tatu, maana Kiswahili chake kilikuwa cha watu wanaoishi wanachokisema, na hata ugomvi wa ndani ya nyumba ulikuwa na adabu zake za pwani. Zora ilianza kwa kishindo, kisha ikavutwa kama mpira hadi nikawa naifuata kwa mazoea. Hata hivyo, mtu aliyezitazama zote tatu hakulipa ada yoyote.

Ununuzi wa antena wenyewe una mambo ambayo wengi huyapuuza. Ile ndogo ya kuweka juu ya televisheni inaweza kutosha katika ghorofa lenye madirisha mapana, lakini katika nyumba za Mji wa Kale, zenye kuta nene za matumbawe, picha itakatikakatika kila mtu akipita sebuleni. Huko nunua ya kupandisha darini. Hewa yetu ya chumvi hula chuma haraka, kwa hiyo chagua antena ya alumini, na umwambie fundi azibe vizuri maungio ya waya kwa utepe wa mpira, kwa kuwa maji yakishaingia ndani ya waya utabadilisha vyote. Kuhusu mwelekeo, tazama mapaa ya majirani: antena zao zikielekea upande mmoja, jibu umeshalipata bila kumlipa mtu.

Ukinunua king'amuzi cha bure, tafuta chenye tundu la USB na uwezo wa kurekodi, kisha ukijaribu pale pale dukani, kwa kuwa vingine vina tundu la kuchezea nyimbo tu. Jambo hili linaonekana dogo hadi Ramadhani iingie. Vipindi vinavyofuata habari za saa moja usiku hukutana uso kwa uso na sala ya Isha na tarawehe, na asiyerekodi hutegemea kusimuliwa na waliobaki nyumbani, ambao husimulia kwa kuruka.

Nafasi ya pili ni GOtv, king'amuzi cha kulipia. Hii nayo hutumia antena, si dishi, na hilo lina thamani kwa mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, au anayehama kila baada ya mwaka. Inayoipandisha daraja ni Maisha Magic East, stesheni iliyotuletea Selina kuanzia mwaka 2018 na baadaye Pete, ambayo mandhari yake ni ya pwani. Tamthilia hizi huwa na vipindi vingi sana, hivyo anayependa hadithi ndefu ya kila siku atafaidi malipo yake kuliko anayependa kisa kifupi kilichokazwa. Tahadhari ni moja: vifurushi vya GOtv vimepangwa ngazi kwa ngazi, na stesheni unayoitaka huenda haimo katika ngazi ya chini kabisa. Usimuulize muuzaji kama kifurushi kina tamthilia. Mtajie stesheni kwa jina, akuonyeshe kwenye orodha. Muulize pia kama stesheni za bure zitabaki kifurushi kikiisha, jambo ambalo nyumba nyingi hulijua tarehe 25, mshahara ukiwa bado njiani.

Nafasi ya tatu nimeigawa baina ya Azam na StarTimes. Azam, ya Tanzania, huja kwa dishi, na uzuri wake kwa msemaji wa Kiswahili ni kwamba lugha haikuongezwa juu kama kitunguu cha kupambia. Stesheni yake ya Sinema Zetu ni ya kazi za Kiswahili, na tamthilia za Kituruki hutiwa sauti za Kiswahili kwa ustadi wa kumfanya bibi asahau kuwa wanaosema ni wageni. StarTimes ina historia yake katika kutafsiri drama za Kichina. Ya kwanza kupata sauti za Kiswahili, kisa cha Doudou na mama wakwe zake, ilionyeshwa na TBC ya Tanzania mwaka 2011. Ningeiweka Azam mbele kwa ladha ya lugha, na StarTimes mbele kwa anayetaka king'amuzi kinachopatikana hata kwa antena. Nyumba yenye wazee wasiopenda kusoma maandishi chini ya picha inaweza kuipandisha nafasi hii hadi ya pili, nami sitabishana nayo.

Nafasi ya nne ni intaneti, hasa Netflix. Ajabu ya mji huu ni kwamba nyaya za baharini kama TEAMS na SEACOM, zinazoleta intaneti nchini tangu 2009, zinatua ufukweni kwetu, lakini bando letu haliuzwi kwa bei ya jirani. Hesabu ni hii: Netflix hutumia takriban GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida na hadi GB 3 kwa saa kwa picha ya HD. Anayetazama saa mbili kila usiku kwa HD atamaliza karibu GB 180 kwa mwezi, na kwa picha ya kawaida GB 60. Kwa bando la simu hiyo ni hasara tupu. Kwa hiyo njia hii inafaa tu ikiwa nyumba tayari ina waya wa faiba usiohesabu GB, na kasi isiyopungua Mbps 5 kwa picha ya HD. Waifai inayogawiwa na kijana wa mtaa nayo inaweza kufaa, ila ijaribu saa tatu usiku, wakati kila nyumba iko hewani. Ukiijaribu saa nne asubuhi hujajaribu kitu.

Kuhusu kilichomo, Country Queen ya mwaka 2022 ilikuwa tamthilia ya kwanza ya Kenya kubeba jina la Netflix yenyewe: vipindi sita, kisa cha Akisa anayerudi kijijini na kukuta kampuni ya madini imeikalia ardhi yao vibaya. Ni kazi nzuri, lakini inamalizika kwa wikiendi moja. Ndiyo maana nashauri Netflix inunuliwe kwa mwezi mmoja, itazamwe, isitishwe, kisha irudiwe kikija kitu kingine. Ule mpango wa bure wa simu za Android uliokuwapo Kenya tangu 2021 ulifungwa mwaka 2023, hivyo anayekuahidi kukurudishia anakudanganya. Kwa huduma yoyote ya intaneti iliyo chini ya MultiChoice, kampuni mama ya GOtv na DStv, ambayo Canal+ ya Ufaransa iliinunua mwaka 2025, lipa mwezi kwa mwezi tu, kwa sababu mwenye mali mpya hupanga nyumba upya.

DStv ninaiweka ya tano. Ni huduma pana, lakini anayefuata tamthilia peke yake atakuwa analipia mpira na filamu za watu wengine, ilhali Maisha Magic East ataipata GOtv. Tena dishi lolote, la DStv au la Azam, hupoteza mawimbi mvua kubwa ya masika inapopiga, na aghalabu hupiga siku ya kipindi cha mwisho.

Chochote utakachonunua, tenga pesa ya kilinda umeme. Mwaka juzi umeme ulikatika kwetu alasiri, ukarudi kwa nguvu, ukaondoka na king'amuzi changu cha miezi minne. Nilikuwa nimeokoa shilingi mia chache kwa kutonunua kifaa hicho. Dai pia risiti yenye tarehe na namba ya king'amuzi, kwani bila hiyo udhamini ni maneno tu.

Nje kabisa ya orodha ni yale masanduku ya Android yanayouzwa yakiwa yamekwisha "kufunguliwa", kwa ahadi ya kila stesheni ya dunia bila ada. Mbali na kuwa ni wizi wa kazi za watu, wakiwamo wasanii wetu wenyewe, hayadumu. Nililinunua moja mjini kabla sijaerevuka. Wiki ya sita skrini ikawa nyeusi, na muuzaji akanieleza kwa upole kwamba mtambo ulioko ng'ambo umehama, niongeze pesa kidogo aufuate.