Kifurushi cha ushauri nasaha kazini: kipi kinawafaa waajiri wa Mombasa?

Kifurushi wanachouziwa waajiri hapa Mombasa, kuanzia hoteli za Nyali na Shanzu hadi kampuni za kuondosha mizigo bandarini, aghalabu huwa na vitu vinne: laini ya simu ya saa 24, vikao kama sita vya ushauri kwa kila mfanyakazi kwa mwaka, mafunzo ya nusu siku kwa wasimamizi na ripoti ya kila robo mwaka. Vinauzwa pamoja, ila thamani yake haikaribiani hata kidogo.

Mafunzo ya wasimamizi ndiyo yanayolipa pesa yake. Shirika la Afya Duniani liliyapendekeza katika mwongozo wake wa 2022 kuhusu afya ya akili kazini, na ukiyaona yakifanywa vizuri utaelewa kwa nini. Mkufunzi hodari hamgeuzi msimamizi kuwa tabibu. Humfundisha kuona mabadiliko, kuuliza, kisha kujua amwelekeze mtu wapi. Sehemu yenye faida ni zoezi la mazungumzo. Chukua msimamizi wa miaka 30 na mwendesha kreni aliye rika la babake. Akianza na "Mzee, una shida gani siku hizi?" mambo yameshaharibika. Aamkie kwanza na aitikiwe, wakae ubavu kwa ubavu mahali wenzao hawawaoni kupitia kioo, ndipo aseme alichokiona kwa macho yake: "Mzee Salim, wiki hii umechelewa mara tatu, na jana ulishuka kwenye kreni kabla zamu haijaisha. Najua si kawaida yako. Kuna jambo linakuelemea?" Kisha anyamaze. Hapo pa kunyamaza ndipo wengi wanapoteleza. Sekunde tano hazipiti washamwaga mawaidha: jipe moyo, sote tuna shida, muombe Mungu. Dua ina mahali pake, lakini ikitangulia kusikiliza humfunga mtu mdomo. Darasa lisizidi watu 15, la sivyo zoezi linakuwa hotuba. Na wafunzwe wasimamizi wa zamu za usiku pia, si wa ofisini peke yao.

Vikao vya ana kwa ana ni vizuri kwa msiba, mgogoro wa ndoa na madeni. Kwa sonona kali au mtu anayesikia sauti, vikao sita havitoshi, na mtoa huduma asiyeweza kueleza atakavyompeleka mgonjwa hospitali ya Port Reitz au Hospitali Kuu ya Pwani hafai. Uliza kama washauri wake wamesajiliwa chini ya sheria ya 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia. Tatizo jingine ni saa. Ofisi iko Nyali, inafungwa saa kumi na moja jioni, naye mfanyakazi anatoka zamu Changamwe na bado ana feri ya kuvuka kwenda Likoni. Ukimwambia azungumze kwa simu, nyumbani ana chumba kimoja na watoto wanne. Dai miadi ya Jumamosi na ya asubuhi mapema, na iwe nje ya uwanja wa kampuni.

Siri huvuja mahali ambapo hakuna aliyekusudia. Ankara hupelekwa kwa mhasibu ikiwa na majina. Fomu ya ruhusa getini inamtaka mtu aandike anakokwenda. Nayo ripoti husema "asilimia 20 ya karakana wametumia huduma", kumbe karakana ina watu watano. Mkataba useme ankara iwe na namba tu, ruhusa iandikwe "matibabu" basi, na idara yenye watu chini ya 10 isitajwe peke yake. Sheria ya 2019 ya ulinzi wa data inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, kwa hiyo haya si mapendeleo ya kumfurahisha mtu.

Angalia pia malipo. Ukilipa kwa kichwa kwa mwaka, mtoa huduma anapata zaidi watu wasipopiga simu, na mabango yake yatakuwa machache. Afadhali ada ndogo ya msingi, kisha malipo kwa kila kikao kilichofanyika.

Lakini hakuna kifurushi kitakachomsaidia mkuu anayetoa ratiba ya zamu Jumapili usiku kwa kazi ya Jumatatu. Ratiba itoke wiki mbili kabla, na anayetoka zamu ya usiku asipangwe asubuhi inayofuata. Hoteli inayopunguza watu kuanzia Aprili mpaka Juni iwaambie tarehe mapema. Kutojua kunawala watu kuliko habari mbaya yenyewe. Kwa mikopo, sheria ya ajira ya 2007 hairuhusu makato kupita theluthi mbili ya mshahara, basi mhasibu akague kila mwezi nani amekaribia mpaka huo. Sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu, kila mwaka. Mkuu atamke mbele ya watu kwamba ugonjwa wa akili umo humo. Ila cheti lazima kitoke kwa daktari au zahanati. Barua ya mshauri nasaha hukataliwa, na mtu akaandikiwa utoro bila kosa lake, kwa hiyo wafanyakazi waelezwe mapema.

Uamuzi wetu: anza na mafunzo na vikao. Laini ya simu usiilipie kabla ya kuijaribu. Ipigie saa nane za usiku, uzungumze Kiswahili tangu salamu. Ikiitikiwa kwa Kiingereza, au ukiambiwa "utapigiwa asubuhi", iondoe kwenye mkataba na ubandike ubaoni 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.