Uzoefu wangu na God of War: nataka Kratos anyamaze zaidi

Mama yangu aliwahi kuchomoa waya wa mashine ya gemu, PS2, ukutani kwa sababu ya gemu ya God of War. Binamu yetu alituachia mashine yake wakati wa likizo, na mama akapita sebuleni pale Kratos, mhusika mkuu wa gemu hiyo, anaposukuma kizimba chenye askari aliye hai ndani yake, akimpandisha mlimani kwenda kumchoma kama kafara. Askari analia na kuomba. Gemu haikupi njia nyingine, lazima usukume ndipo mlango ufunguke. Mama hakugomba. Alichomoa waya, akauzungushia mkononi, akaondoka nao.

Kabla ya hapo nilikuwa nacheza kwenye kibanda cha gemu, TV ya chogo, unalipia kwa muda. Wenzangu walikuja kwa ajili ya mpira, mimi nilimfuata yule mtu mweupe mwenye mapanga ya minyororo. Muda wangu ulikuwa unaisha haraka, kwa hiyo mwanzo ule wa kwenye meli, unapopigana na Hydra, joka la vichwa vingi, naujua kuliko sehemu nyingine yoyote. Ukiniuliza wakati ule gemu inahusu nini, ningekwambia hasira, basi.

Nilikuja kuimaliza ile ya kwanza, ya 2005, nikiwa mtu mzima, na ndipo nikaelewa nilichokosa. Ule weupe wa Kratos ni majivu. Ares, mungu wa vita wa Wagiriki, alimhadaa akamuua mkewe na binti yake kwa mikono yake mwenyewe, na majivu yao yakaganda kwenye ngozi yake. Gemu inaanza akijitupa kutoka kwenye jabali kwa sababu hawezi tena kuishi na alichokifanya. Yaani msiba ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Hasira ilikuja juu yake. Nalisema hili kwa sababu nakutana na wengi wanaodai mfululizo huu "umelainishwa" baadaye. Haukulainishwa. Ulirudi kwenye chanzo chake.

Uliponipoteza ni God of War III ya 2010. Kwa macho, inapendeza mno, na ule mwanzo mgongoni mwa jitu Gaia sijauona mfano wake. Lakini Kratos anakinyofoa kichwa cha Helios, mungu wa jua, na kukitumia kama tochi, na kuna mwanamke aliyefungwa minyororo ambaye anamtumia kuzuia mlango usifunge, kisha anapita. Hakuna anayemlilia. Kufikia hapo hasira ilikuwa haina gharama tena, na mimi nilikuwa nabonyeza tu.

Ile ya 2018, iliyoongozwa na Cory Barlog, niliicheza kwenye PS4 ya mtumba, sebule ileile. Kratos sasa ameiacha Ugiriki, anaishi kaskazini kwenye hekaya za Norse. Inaanza akikata mti. Anaubeba begani mpaka nyumbani, kumbe ni kuni za kuuchomea mwili wa mkewe, Faye. Mama alikuwa anachambua mchele. Akauliza, "Nani amefariki?"

"Mke wake."

"Wanamchoma?" Nikamweleza kuwa ndiyo mila yao. Akanyamaza kidogo. "Na yule mtoto ni wake?"

"Wake."

"Mbona hamshiki?"

Ungo ukabaki mapajani. Baadaye kidogo, yule mtoto, Atreus, anapomuua kulungu na kuanza kutetemeka, Kratos ananyoosha mkono kuelekea mgongo wa mwanawe, unabaki hewani, kisha anaurudisha. Mama akasema, "Anaogopa." Hapakuwa na neno lililosemwa kwenye skrini wala muziki wa kukuelekeza ulie. Kamera ya gemu ile haikatwi tangu mwanzo hadi mwisho, imekaa karibu na bega la Kratos, kwa hiyo huwezi kuukwepa ule mkono.

Hiyo ndiyo sauti ninayoitaka. Vita vipo, na ni vikali. Kurusha shoka la Leviathan na kuliita lirudi kiganjani ni raha ambayo sijaichoka mpaka leo. Lakini katikati ya vita kuna mtumbwi. Mnapiga kasia kwenye ziwa liitwalo Lake of Nine, Mimir, kichwa kinachoongea ambacho Kratos anakibeba kiunoni, anasimulia, mnafika ufukweni anakatiza, mkirudi majini anaendelea alipoishia, kama mzee wa kijiji aliyeitwa kidogo kisha akarudi barazani. Na Atreus anapougua, Kratos anarudi nyumbani kuyafukua yale mapanga ya zamani aliyoyafukia chini ya sakafu. Zamani kuyashika kulikuwa kushangilia. Hapa mikono yangu ilikuwa mizito.

Ragnarök ya 2022, mwendelezo wake, naipenda, ila inaongea mno. Ukisimama sekunde chache mbele ya fumbo, mwenzako anakwambia la kufanya. Utani umeongezeka, kila mtu ana neno la kuchekesha hata pale panapostahili kutulia. Halafu inakuja ile habari ya Brok na Sindri (usiendelee na aya hii kama hujaicheza). Sindri, yule mhunzi aliyetuchekesha kwa kuogopa uchafu, anampoteza ndugu yake, na kwenye mazishi anaondoka bila kumsamehe mtu. Hapo hakuna utani. Watengenezaji wanajua kabisa kunyamaza, wakitaka.

Ushahidi mkubwa zaidi ni Valhalla, ile nyongeza ya bure ya Desemba 2023. Kratos anarudishwa kwenye kumbukumbu zake za Ugiriki, na kichwa cha Helios kinarudi kumkabili. Yale matendo ya 2010 niliyoyapita kwa kubonyeza, sasa anatakiwa kuyajibu. Mwishoni anamkuta Kratos kijana ameketi kwenye kiti cha enzi, na hapigani naye. Anazungumza naye.

Gemu ijayo ikirudi kwenye kizimba cha yule askari, na isukumwe na mtu anayejua anachokifanya. Hilo tu ndilo ombi langu.

Mama, baada ya ile jioni ya mchele, alisafiri kwenda kwa dada kwa wiki mbili. Aliporudi aliweka mizigo chini mlangoni, na kabla hajavua viatu akaniuliza kama yule mtoto ameshashikwa.